Minivani ya Hapa na Mizani Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Mkuu wa karakana pale Jeddah, Mhijazi mnene wa mwili na mchache wa maneno, alinifungulia mlango wa nyuma wa gari ya abiria iliyoanikwa juani tangu asubuhi, akanambia, "Panda." Akaiwasha, akafungua kiyoyozi, akafunga milango yote na kuniacha humo peke yangu. Nilikaa mpaka kanzu ikanigandia mgongoni. Aliporudi aliniuliza, "Umesikia nini?"

"Joto, bosi. Upepo haufiki huku."

"Basi andika hivyo. Anayenunua gari hukaa mbele. Wewe kazi yako ni ya yule anayekaa nyuma."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya ukaguzi wa magari. Mimi ni mtoto wa Ruwais, mtaa wa Jeddah. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya sitini na nne, wakapanga chumba karibu na bahari ya Jeddah, nami nikazaliwa hapo. Nyumbani tulisema Kiswahili, mtaani Kiarabu, na karakanani lugha ya vyuma. Kampuni yetu haikutengeneza magari wala kuyauza. Ilisafirisha watu, na kabla ya kununua gari yoyote mpya ilitutaka sisi wakaguzi tuijaribu na kuiandikia ripoti.

Jeddah ilinifundisha kutu. Hewa ya bahari hula gari kutoka chini, mahali asipotazama mtu, kwa hiyo tulilala chali kila wiki tukigonga chesisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hunyamaza. Baada ya miaka mingi ya kusikiliza nilipewa cheo cha mkaguzi mkuu, nikahamishiwa Riyadh, ambako adui ni vumbi na masafa marefu.

Kazi kubwa ya tawi la Riyadh ilikuwa kuwachukua walimu wa kike. Wengi walikaa Al-Naseem na mitaa ya jirani, wakafundisha katika skuli za vijiji vya mbali. Waliondoka alfajiri, wamejifunga mikanda, wengine wamelala kabla hawajatoka mjini. Njia ya magharibi ina mteremko mrefu unaoshuka kwenye jabali. Kila mkaguzi wa Riyadh aliujua mteremko ule kama mganga anavyoujua ugonjwa wa mtaa wake.

Minivani tulizotumia, gari za abiria wanane, zote zilitoka nje, za Kijapani na za Kikorea. Nilizijua kwa sauti. Kisha mkurugenzi wa usafiri akaniita ofisini akanionyesha picha ya minivani mpya iliyoundwa humu humu nchini. Magari ya zamani yalikuwa yamechoka, akasema, na kampuni itaagiza mapya kwa mpigo mmoja. "Ipime hii, upime na mbili za nje, ya Kijapani na ya Kikorea. Utakaloandika ndilo nitakaloagiza."

Nitasema kweli, maana sina tena cha kuficha. Niliidharau gari ile kabla sijaigusa. Nilikuwa nimezoea kwamba kizuri hushushwa bandarini.

Dereva wangu wa majaribio alikuwa Mkenya wa Bungoma, Wafula, Mkristo mtulivu aliyeshika usukani kana kwamba ameshika yai. Tulizunguka naye mji mzima, tukaingia hata vichochoro vya Al-Dirah kuona kama magari yatageuka penye maduka. Minivani ya hapa iligeuka vizuri kuliko zile za nje. Kiyoyozi chake kilifika nyuma. Mlango wa kuteleza tu ndio uliokuwa ukiingiza vumbi.

"Mzee, hii gari iko sawa, bana," Wafula alisema.

"Ngoja mteremko," nikamjibu.

Jaribio la mteremko lilikuwa hivi. Tunapakia mifuko ya mchanga badala ya abiria, mmoja kwa kila kiti. Tunashuka mara tatu mfululizo bila kuipumzisha gari, na kila tukifika chini dereva anasimama kwa nguvu penye koni ya kwanza kati ya zile nilizozipanga kwa safu barabarani. Breki zikipata moto sana huchoka, yaani unakanyaga pedali lakini gari inaendelea kwenda. Minivani ya hapa, kwenye mshuko wa tatu, ilipita koni ya kwanza, ikapita ya pili, ikasimama huku ikifuka moshi magurudumuni. Wafula alishuka akiwa na jasho usoni.

Gari za nje tulikuwa tumezijaribu mwanzoni mwa wiki, na zote mbili zilisimama penye koni ya kwanza. Ya Kikorea niliipa alama ya juu, na mwisho nikaandika: Minivani ya hapa haifai. Nikasaini. Mkurugenzi akasoma mstari wa mwisho tu. "Halas, imekwisha," akasema. "Tunaagiza za nje."

Siku chache baadaye alikuja mhandisi kutoka kiwanda kilichoiunda, binti wa Kisaudi aliyevaa abaya na viatu vya kazini vyenye ncha ya chuma. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alikaa, akaomba daftari langu, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, Wafula akiwa amesimama mlangoni.

"Ammi," akaniita, kama watoto wa pale wanavyomwita mtu wa umri wa baba yao, "gari yetu ilipakiwa mifuko mingapi?"

"Minane."

"Na zile nyengine?"

Nilikumbuka asubuhi tulipozijaribu gari za nje. Lori la mchanga lilikuwa halijafika, mifuko iliyokuwapo ni minne, na mimi nikasema twende, hizi nazijua. Kwenye daftari sikuandika idadi. Ningeweza kusema minane, na hakuna ambaye angenipinga. Wafula alikuwa akitazama chini.

"Minne," nikasema.

Yule binti hakufurahi wala hakucheka. Alifunga daftari taratibu akanirudishia kwa mikono miwili. Heshima ile iliniuma kuliko tusi.

Alipoondoka nilimgeukia Wafula. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mzee."

"Mbona hukunambia?"

"Wewe ndiye ulikuwa kipimo," akasema. "Nani angekupima?"

Nilipanda kwa mkurugenzi siku hiyo hiyo. Nilimwambia ripoti yangu ni mbovu na naomba kurudia jaribio.

"Umeshasaini. Umebakiza miezi michache ustaafu. Nenda kanywe chai."

"Bosi, gari nilizozisifu hazijawahi kubeba watu wanane kwenye mteremko ule mbele ya macho yangu. Walimu watazipanda."

"Ukiifuta ripoti hii, unajifuta wewe."

"Nalijua hilo."

Akanipa ruhusa kwa kupunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

Tulirudia, mifuko minane kila gari, na mhandisi akiwa amesimama penye koni. Ya Kikorea ilipita koni tatu. Ya Kijapani ilipita moja. Ya hapa ilipita mbili, kama mwanzo. Hapakuwa na gari iliyosimama ilipopaswa. Niliona gari ile ya Kikorea ilivyotuacha ikaenda zake, Wafula ndani amekanyaga pedali mpaka chini. Gari ile ndiyo niliyoipa alama ya juu.

Ripoti ya pili niliiandika kwa mkono siku mbili. Nilieleza kosa langu kwanza. Kisha nikasema gari zote tatu zinataka pedi za breki ngumu zaidi kwa njia ile, na kwamba kiwanda cha hapa ndicho kilichokubali kuzibadilisha na kuziba vumbi la mlango, ilhali mawakala wa zile za nje walijibu kwamba breki ziko sawa. Gari ya hapa ilipobadilishwa tuliishusha mara tatu, kisha nikaomba mara ya nne. Ilisimama penye koni. Kampuni ikainunua.

Mimi niliondolewa kwenye ukaguzi. Miezi yangu ya mwisho niliimaliza stoo, nikigawa filta na mikanda ya feni kwa mafundi walionipita kimya. Sikulalamika. Mkurugenzi alinionya, na mimi nilichagua. Lakini nisikudanganyeni nyinyi mnaoanza kazi hii: iliniuma, na mpaka leo siku nyengine inaniuma.

Watu huuliza ni gari gani bora, ya hapa au ya nje. Mimi sasa huuliza ilibebeshwa nini ilipopimwa, na nani aliyeipima alitaka nini. Nchi ilikotoka gari haikanyagi breki.

Mwaka huu mwanangu Rahma amepata kazi ya ualimu katika skuli moja ya binafsi ng'ambo ya mteremko. Asubuhi yake ya kwanza tulitoka pamoja mpaka mlangoni. Minivani nyeupe ikasimama, ya aina ile ile, na wenzake wakasogea kumpa nafasi. Akanigeukia, mkoba begani.

"Baba, gari hii nzuri?"

"Nimeipima mara mbili," nikamwambia.

Akacheka, akadhani ni tabia ya wazee kurudia mambo, akapanda.