Nafasi ya Kidole Kimoja

Mumewe aliitwa na Mungu. Yeye aliitwa na mumewe. Ndivyo Fundi alivyozoea kuwajibu wanawake wa darasa lake la ushonaji kila walipomuuliza ilikuwaje akaacha kwao na kuja kuishi ugenini, nao walicheka mpaka wakashindwa kutunga sindano. Mume mwenyewe ni Mwinjilisti, mtu mrefu, sauti yake inajaza ukumbi bila kipaza sauti. Fundi hakujaliwa sauti. Alijaliwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, mkasi ambao mtoto hakuruhusiwa hata kuutazama vibaya, na tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake asubuhi mpaka jioni. Kanisa la nyumbani liliwatuma kwa miaka sita, na huu ulikuwa wa nne.

Walipewa vyumba viwili nyuma ya kanisa, vimetenganishwa na ubao mwembamba. Ukipiga chafya chumbani, aliyeko jikoni anakuambia pole. Walipofika walilicheka hilo, wakasema watoto wao watakua bila siri, na wakalisahau.

Watoto walikuwa wawili. Wa kwanza, Dada, sasa ana miaka tisa, mwembamba, mwenye kukumbuka kila kitu, na hodari wa kuiga watu. Akimwiga baba yake anavyosafisha koo kabla ya mahubiri, hata baba mwenyewe alikuwa akishika mbavu kwa kucheka. Wa pili walimwita Mzee, kwa sababu tangu alipoanza kutembea alitembea polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua nyumba. Na alipotaka kusema alivuta pumzi kwanza, ndefu, watu wazima wakasubiri.

Mwezi wa tisa Mzee alishikwa na homa Jumanne, na Alhamisi akafa. Alikuwa na miaka minne. Walimzika huko huko, mbali na kila ndugu aliyewahi kumbeba, na wanawake wa darasa la ushonaji ndio walioshona sanda, kwa sababu siku ile mikono ya Fundi ilikataa kazi.

Sasa kuna jambo ambalo ni lazima nilieleze, maana bila hilo mtu atawalaumu hawa watu zaidi ya wanavyostahili. Mama mzazi wa Fundi, Bibi wa watoto, aliachwa nyumbani chini ya uangalizi wa Mchungaji wao. Bibi hana simu. Huongea nao mara moja kwa mwezi kwa simu ya Mchungaji. Wiki ile ile ya msiba, presha ilimwangusha Bibi akalazwa. Mchungaji akasema, tumwache kwanza apate nguvu. Ilikuwa busara. Mwezi wa kumi akasema bado kidogo, na hiyo nayo ilikuwa busara. Mwezi wa kumi na moja Bibi alikuwa anatembea, anakula, anagombana na majirani, na hakuna aliyekuwa tena na ujasiri wa kuanza. Kila alipomwulizia Mzee, aliambiwa amelala. Mara nyingine anacheza nje. Watu walioacha kwao kwenda kuihubiri kweli wakajikuta wanaongopa kwa zamu.

Ndipo, wiki moja kabla ya Krismasi, sanduku likafika.

Kila mwaka kanisa la nyumbani huwatumia sanduku la sikukuu, na kwa kuwa husafiri kwa meli miezi minne, hufungwa mapema, mwezi wa nane. Bibi ndiye mnunuzi wa viatu vya watoto, na hakubali kuambiwa namba. "Namba ni za kiwandani," husema, "mimi nataka mguu." Kwa hiyo kila mwezi wa sita Fundi huwasimamisha watoto juu ya karatasi ya kaki anayokatia mitindo, huzungusha penseli mguuni, kisha huchora mstari wa pili kwa nje, kidole kimoja kutoka ule wa kwanza, na kumtumia Bibi karatasi kwa barua. Ni desturi ya mafundi. Nguo ya mtoto huachiwa nafasi kwenye pindo, na mguu wa mtoto huachiwa nafasi ya kukua. Mwaka huu Mzee alitekenyeka penseli ilipopita chini ya unyayo, akacheka, akasogea, na mstari ukapinda kwenye kidole gumba. Fundi alimwambia atulie. Alimwambia kwa ukali, kwa sababu alikuwa na nguo za watu za kumaliza, na hilo hajalisahau.

Sandukuni zilikuwamo jozi mbili, nyekundu za Dada na nyeusi za Mzee. Ili zisichanganywe, Bibi alikuwa amekata ile michoro kwa mkasi, akaweka kila karatasi ndani ya kiatu chake. Fundi aliingiza vidole kwenye kiatu cheusi cha kulia, akatoa mguu wa mwanawe. Mistari yote miwili ilikuwapo, wa ndani wenye kidole gumba kilichopinda, na wa nje. Alikaa chini pale pale sakafuni, kati ya pakiti za sabuni na madaftari ya shule ya Jumapili, na Mwinjilisti alipoingia akamkuta anaupima ule upana wa kati ya mistari kwa tepu, anaupima tena.

Siku mbili kabla ya sikukuu waliongea jikoni, mchana, mlango umefungwa.

"Mchungaji amesema Bibi aambiwe siku ya Krismasi," Mwinjilisti alianza. "Atakaa karibu naye, na yule nesi jirani atakuwepo na kipimo cha presha. Siku nyingine hawawezi kukutana wote."

"Unampa mtu mzima msiba siku ya Krismasi?"

"Tumengoja mpaka tumeishiwa na siku nyingine, mama watoto."

"Na ikimpanda?" Fundi akajijibu mwenyewe. "Tutampoteza na yeye. Akisikia tu, moyo utasimama. Nitakuwa nimemuua mama yangu kwa simu."

"Usiseme hivyo."

"Basi sema wewe."

"Ni mama yako," Mwinjilisti alisema, akachukua kofia.

Haya. Mtu anayesimama mbele ya watu mia tatu bila karatasi, sentensi moja imemtoa nyumbani! Simcheki. Ni yeye aliyempeleka mtoto zahanati mgongoni usiku ule wa homa, na yeye ndiye aliyerudi naye. Ila ukweli ni kwamba alichukua kofia.

Upande wa pili wa ubao Dada alikuwa anapaka rangi nyota za maigizo ya Krismasi. Alikuwa kimya mno kwa mtoto aliyeshika rangi, lakini hakukuwa na mtu wa kuliona hilo.

Siku zile mbili Fundi alishona. Kila Krismasi watoto wa misheni huigiza, na malaika ni kazi yake. Hospitali moja iliwapa shuka kuukuu mwezi wa saba, zikatosha kanzu ishirini na nne, na kwa kuwa muhuri haukutoka hata kwa kuchemshwa, kila malaika aliyetangaza amani duniani aliitangaza akiwa ameandikwa mgongoni MALI YA WODI. Alikanyaga cherehani akirudia maneno aliyoyachagua: Mama, kaa chini. Mzee ametutoka. Mama, kaa chini. Mzee ametutoka. Yalikwenda vizuri na mguu, na aliposimamisha mguu hayakutoka tena.

Kanzu ya kwanza kukatwa ilikuwa ya mfano, aliyoipimia kwa Mzee kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu siku ile. Ilikaa kwenye msumari tangu hapo. Asubuhi ya Krismasi mtoto wa muuza mkate alifika amechelewa, hana kanzu, analia kamasi mpaka kidevuni. Fundi aliitungua, akamvalisha, akamfunga kifungo cha shingoni, akampangusa. "Nenda," alimwambia. "Usisahau kuinua mikono." Mtoto hakuinua mikono hata mara moja, watu wakapiga makofi vilevile.

Ibada ilipokwisha, malaika wote walimwagikia uani kugawiwa biskuti na soda. Mwinjilisti ndiye aliyegawa. Hakuna mtu aliyewahi kugawa biskuti kwa uangalifu kama ule. Alihesabu, akapanga watoto mistari, akaivunja mistari, akaipanga upya. Fundi alimwona dirishani na akajua kwamba haji. Aliweka simu juu ya meza ya kukatia, akangoja Mchungaji apige. Dada alikuwa amesimama kwenye kona, viatu vyekundu miguuni.

"Nenda ukale biskuti na wenzako," Fundi alimwambia.

"Nataka kumsalimia Bibi."

Simu ikaita kabla hajamkatalia. Fundi akapokea, akabonyeza spika kama kawaida yao.

"Haloo! Mnanisikia huko kwenye nchi za watu?" Bibi alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Sikukuu njema, wanangu!"

"Shikamoo, mama. Sikukuu njema."

"Marahaba, marahaba. Sanduku limefika? Viatu je? Vimemtosha mke mwenzangu?"

"Vimenitosha, Bibi!" Dada alijibu. "Shikamoo!"

"Marahaba, mke mwenzangu. Haya, mpeni simu mume wangu. Huyo bwana ananikwepa siku hizi. Kila nikiuliza amelala, kila nikiuliza yuko nje. Kaoa mwingine huko?"

Uani watoto walikuwa wanapiga kelele za biskuti. Fundi alishika ukingo wa meza.

"Mama," alisema, "umekaa?"

"Nimekaa, nimezungukwa kama bibi harusi. Mchungaji huyu hapa, kanikalia kushoto. Nesi naye kanifunga kidude chake mkononi, eti hata sikukuu lazima nipimwe. Mna nini ninyi leo? Mpe simu mume wangu nimsikie."

Fundi alifungua mdomo. Sentensi ilikuwapo, yote, aliishikilia kwa ulimi. "Mama," alisema tena. Na hapo ndipo Dada alipotoka kwenye kona, akainamia simu, akavuta pumzi ndefu.

"Shikamoo, mke wangu," alisema.

Ilikuwa sauti ya Mzee. Ilikuwa nzito vilevile, ya polepole, na neno la mwisho likivutwa kama alivyolivuta yeye. Fundi aligeuka kutazama mlangoni. Aligeuka kweli, mwili mzima, na ilimchukua muda kujua kwamba amegeuka.

"Marahaba, mume wangu wee!" Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe upo! Na viatu je, baba? Vimekutosha?"

Dada akavuta pumzi tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye pua, lakini sauti haikutikisika.

"Vimenitosha, mke wangu. Vyeusi."

"Vyeusi, ndiyo! Nimekuchagulia mwenyewe. Mchungaji, umemsikia? Umemsikia anavyoongea kama jaji?"

Kulikuwa na vishindo, simu ikapita mkono kwa mkono, mlango ukafungwa kule nyumbani. Mchungaji alikuja kwa kunong'ona.

"Fundi. Huyo aliyeongea ni nani?"

Fundi aliivuta simu karibu yake.

"Fundi, mama amesimama anacheza. Nesi anamwambia akae, hakai. Mimi hapa sijui pa kuanzia. Niseme? Au nisiseme? Niambie wewe nifanyeje."

Fundi alimtazama binti yake, kanzu ya wodi, viatu vyekundu, mikono miwili imeshika meza. Alijua sasa ubao wao ulikuwa umepitisha nini siku mbili zilizopita. Kama angesema sasa, mtoto angesikia kwamba ameongopa bure. Na kama Bibi angeanguka, angesikia hilo pia, na angelibeba maisha yake yote. Na kama asingesema leo, mwezi ujao Bibi angemtaka tena mume wake, na mtoto angevuta pumzi tena. Alitafuta njia ya tatu, kama fundi anavyogeuza kitambaa kidogo akitafuta pa kukata, na kitambaa hakikutosha popote.

"Sijui, Mchungaji," alisema. "Mungu anisamehe, sijui."

"Lete hiyo simu!" Sauti ya Bibi iliingia katikati, inahema kwa furaha. "Mnanong'ona nini siku ya sikukuu? Mwanangu, sikiliza kabla salio la watu halijaisha. Karatasi ya mwakani nichoree mapema. Nimemsikia mume wangu, sauti imeshaanza kukomaa, huyo anakua haraka. Ile nafasi unayoacha ya kidole kimoja haitoshi. Safari hii acha vidole viwili. Umenisikia?"

Nje, mtoto wa muuza mkate alipita mbio chini ya dirisha na kanzu yake, soda mkononi. Dada aliinua uso akamtazama mama yake, akingoja kuambiwa kama amefanya vizuri.

"Nimekusikia, mama," Fundi alisema. "Nitaacha viwili."