Desemba ya Baridi Tororo

Mama yangu alikuwa yaya katika nyumba ya wamisionari Tororo, na mimi nililelewa na bibi huku Sikuda, karibu na Busia. Hilo peke yake halikuniuma. Miaka hiyo ya sitini, Uhuru ukiwa bado mbichi, watoto wengi wa kwetu walikuwa na mzazi aliyefanya kazi mbali, na tulijivunia kandambili na biskuti walizotuletea. Kilichoniuma ni jina. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, na mimi nilikuwa wa kwanza na wa pekee. Sikuda nzima ilimwita mama kwa jina langu. Basi Desemba ile nilipopelekwa Tororo kukaa naye likizo, siku ya kwanza tu nikaandamana naye sokoni, na muuza nyanya akamwita mama wa binti mdogo wa wale wamisionari. Alilitaja jina la yule mtoto waziwazi, na mama akaitika. Akaitika vizuri tu, akaendelea kuchagua nyanya.

Nilivuta mdomo mpaka tukafika misheni. Mama hakuona, au aliona akanyamaza.

Sikuwa nimekwenda Tororo kutembea tu. Bibi alinituma na neno moja: Krismasi hii nabatizwa, na mama asikose. Kanisani kwetu mtoto wa kubatizwa hakusimama mwenyewe. Mama yake alimwekea mkono begani na kulitamka jina lake jipya mbele ya watu wote, kisha ndipo maji yakamwagwa. Asiye na mama alisimamiwa na mzee fulani wa kike wa kanisa, na wanawake kwenye mabenchi walimhurumia kwa sauti, kana kwamba ndiyo kwanza amefiwa. Mimi nilikuwa nimewazidi kimo watoto wote wa darasa la ubatizo, kwa sababu kila Krismasi mama alibakizwa Tororo na kila Krismasi bibi aliniahirisha akimngoja. Mwaka huo kasisi alisema basi, mama aje asije, msichana atabatizwa.

Mama aliniambia atakuja. Alisema huku akimkatia yule mtoto kucha.

Yule mtoto alikuwa na miaka mitatu au minne, mashavu mekundu, nywele nyeupe za kukatika ovyo. Asubuhi baba yake, mchungaji, aliondoka na Landrova kwenda makanisa ya Molo na kwingineko. Memsabu, mkewe, alikaa na mtoto wao mkubwa, mvulana, akimfundisha hesabu kwenye meza ya kulia chakula. Huyo mdogo alikuwa wa mama yangu kutwa nzima. Mama alimwogesha, akamlisha uji, akamfunga mgongoni kwa leso na kupiga pasi naye hivyo hivyo. Kwetu mtoto wa umri ule huchota maji. Huyu miguu yake ilining'inia mpaka kwenye mapaja ya mama, na bado alibebwa, na akiwa kule juu alinitazama mimi niliyekuwa chini nikimenya viazi. Nilimwonea gere.

Halafu kulikuwa na habari ya baridi yao. Desemba Tororo ni jua kali, vumbi la kiwanda cha saruji na lile jiwe kubwa la mjini linalotoa joto hata baada ya jua kuzama. Lakini kwao ng'ambo ulikuwa wakati wa theluji, na wao hawakutaka watoto wasahau. Kila siku saa kumi jioni Memsabu alifunga mapazia yote, maana kwao saa hizo giza limeshaingia. Aliwasha mishumaa. Aliweka vijiti viwili vitatu kwenye meko ya sebuleni na kuvitia moto kweli, na familia nzima ikaketi kuuzunguka ikiwa imevaa sweta za sufu, ikinywa kakao ya moto na kuimba. Mvulana jasho lilimtiririka puani na hakuthubutu kulifuta. Mchungaji mwenyewe alikuwa mwekundu shingo nzima. Walifurahi, sitatia chumvi, walifurahi kabisa.

Kwenye madirisha na juu ya tawi la mti wa Krismasi Memsabu alikuwa ametandaza pamba ili iwe theluji. Pamba yenyewe ilikuwa safi, daraja la kwanza, ya kuchambuliwa kwa mkono. Kwetu pamba ya namna hiyo haikuguswa na mtoto asiyenawa, na iliyoanguka chini hata kidogo iliitwa fifi, pamba ya daraja la chini, na kutengewa gunia lake. Bibi angeiona ile juu ya mti angelala chini akaomba maji. Mama alipitia kila asubuhi akaipuliza vumbi na kuichambua upya, mkono wa mtu wa shamba haukumwacha.

Mama naye alikuwa na sweta. Memsabu alimfumia, ya rangi ya maziwa, na kila jioni aliivaa, akaingia mle gizani na kukaa kwenye zulia na yule mtoto mapajani. Mimi nilibaki kwenye ngazi za jikoni na mpishi, mzee wa kwetu Busia, aliyekuwa akinyonyoa kuku. Nilisikia wakiimba. Nilisikia sauti ya mama katikati ya sauti zao, akiimba maneno ya lugha yao ambayo sikujua kama anayaelewa. Nje jua lilikuwa linachoma na mimi nilitamani baridi. Nilitamani nipewe sweta, nitokwe jasho, nijifanye natetemeka, ilimradi niwe mle ndani.

"Wacha kununa," mpishi aliniambia. "Ile ni kazi. Mama yako nafanya kazi tu."

Kazi gani ya kuimba na kumbusu mtu utosini? Sikumwuliza hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza, na nilirusha manyoya ya kuku kwenye ua wote nikaambiwa niyaokote.

Krismasi ilipokaribia, Memsabu akashikwa na malaria. Alilala na mablanketi, safari hii akitetemeka kweli. Jioni mapazia yalifungwa kama kawaida, maana mvulana alilia yasipofungwa, lakini aliyeyafunga alikuwa mama. Nilikuwa nampelekea Memsabu maji ya kunywa nikamkuta mama amesimama kando ya kitanda, mtoto mgongoni.

"Yaya, ninakuomba ubaki," Memsabu alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni, kila neno mahali pake. "Mchungaji ana ibada tatu siku hiyo. Huyu mdogo hatakubali kukaa na mtu mwingine."

"Memsabu, Krismasi hii mi nakwenda nyumbani. Mtoto yangu nabatizwa."

"Najua. Ulishaniambia. Lakini nitamwachia nani mtoto?"

Mama alianza kupapasa ule mguu wa mtoto uliokuwa ukining'inia, polepole, kama mtu anayefikiri. Nikaweka maji chini na kutoka.

Asubuhi mama alinipandisha basi la Busia pamoja na mpishi, aliyekuwa amepewa ruhusa. Alinikabidhi mfuko wa sukari wa bibi.

"Tangulia," aliniambia kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani. "Mimi nakuja."

"Lini?"

"Nimesema nakuja. Mtoto huyu, mbona una kichwa kigumu?"

Sikumwamini. Nilipofika Sikuda nilimwambia bibi aanze kumtafuta yule mzee wa kike wa kanisa. Bibi alinitukana kidogo, kisha akaenda kumtafuta.

Siku yenyewe niliketi benchi la mbele na wale wadogo, magoti yangu juu kuliko vichwa vyao, nimevaa gauni jeupe lililoshonwa Busia upande wa Kenya. Yule mzee wa kike alikuwa kando yangu, ananuka ugoro, ameshaanza kunipapasa mgongo kwa huruma. Ngoma ya pili ya kuita watu ibadani ilikuwa imepigwa. Mara Landrova ikanguruma nje, na watoto wote wa nyuma wakakimbilia mlangoni.

Mama alikuja. Mchungaji alikuwa na ibada Busia, akamshusha njiani. Alikuja na kitambaa kipya kichwani, viatu miguuni, na yule mtoto mgongoni.

Kanisa zima liligeuka. Wanawake walinyoosha mikono waguse zile nywele. Watu walisimama juu ya mabenchi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna watu wa kubatizwa pale mbele, na kasisi mwenyewe alikuwa anatabasamu.

"Na huyu umemleta wa nini?" bibi aliuliza, bila kushusha sauti.

"Mamake mgonjwa," mama alisema. "Ningefanyaje?"

Nilitaka kufurahi. Mama alikuwa amekuja, jambo nililolililia miaka yote, na nilimchukia yule mtoto kiasi kwamba furaha haikupata pa kukaa.

Kasisi aliita majina. Nilipoitwa, yule mzee wa kike aliondoa mkono wake, na mama akaanza kuifungua ile leso ili amkabidhi bibi mtoto. Mtoto akashika shingo ya mama kwa mikono miwili na kupiga kelele. "Mama!" alilia. "Mama!" Wanawake wakacheka, wengine wakasema masikini. Mama alisimama katikati ya njia, fundo limefunguliwa nusu. Alimtazama yeye, akanitazama mimi.

Akamfungua. Akabandua vile vidole kimoja kimoja, akamweka mikononi mwa bibi, na bibi akatoka naye nje, mtoto akirusha miguu. Mama akaja mbele akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa na joto na jasho la yule mtoto.

"Mtoto huyu aitwe nani?" kasisi aliuliza.

Nje kilio kilizidi. Mama alilitamka jina langu jipya vizuri, bila kukosea, kwa sauti ya kutosha kanisa lote kusikia. Nilikuwa nimeinua uso nimtazame akilisema. Yeye alikuwa ametazama mlangoni.

Maji yakamwagwa nikiwa bado nimeinua uso, yakaniingia machoni, na nilipoyafuta mama alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kutokea. Alipotoka tu, kilio kikakoma mara moja. Shule zilipofunguliwa mwalimu aliniuliza aandike jina gani la ubatizo, na nikamwambia sijabatizwa.