Tuambieni Ni wa Ngapi

Kinachonitia kinyaa mpaka leo ni kwamba na mimi nilikuwemo.

Mwanangu alikuwa kidato cha pili, shule ya kulipia. Mkuu wa shule alituita wazazi, akatuambia ripoti hazitaonyesha tena nafasi darasani wala wastani. Kila mada itaandikwa "ameweza", "anakaribia" au "bado", na chini mtoto mwenyewe ataandika neno lake. Ukumbi mzima ukaguna. Baba mmoja, muuza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, akasimama: "Mwalimu, ngonjera zote hizi za nini? Tuambieni mtoto ni wa ngapi, basi!" Tukampigia makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniuma.

Ripoti zikaja. Mwanangu, ambaye miaka yote hakutoka tano bora, alikuwa na "bado" nne kwenye hesabu. Chini aliandika kwa mkono wake: "Logarithimu nilikuwa nakariri tu. Sijaelewa tangu mwanzo. Naomba nifundishwe upya."

Nilipitisha macho tu. Nilikuwa dukani kwangu Kariakoo, nampimia mteja kitambaa cha mapazia, na yule wa vipuri alishaandika kwenye grupu la wazazi: "Tumeni ripoti, tupange wenyewe." Nikapiga picha, nikatuma. Jamani, nilituma! Nilitaka kujua kama bado yumo tano bora.

Jioni ile orodha ikaja. Yule bwana alikaa, mtu mzima na ndevu zake, akahesabu "ameweza" za kila mtoto, akawapanga kwa majina kama msimamo wa ligi. Mwanangu wa ishirini na nane kati ya thelathini. Halafu wakaanza kuucheka ule mstari wake. "Kumbe alikuwa anakariri!" Mama tunayepakana naye maduka, ambaye asubuhi tulikunywa chai pamoja, akaandika, "Angalau mkweli," akabandika vikatuni vitatu vya kicheko. Loo! Nilizima simu.

Kesho yake darasa zima lilikuwa na habari. Mwanangu aliporudi aliniuliza jambo moja tu: "Mama, ni wewe uliyetuma?"

Nilijifanya natafuta mkasi.

Wazazi tukaendelea kupiga kelele, na muhula uliofuata nafasi zikarudishwa. Grupu likashangilia kama harusini. Mwanangu akaleta ripoti: wa nne.

"Na zile logarithimu," nikamuuliza, "mwalimu alikufundisha upya?"

"Sikumwomba tena."

"Sasa unazielewa?"

Akachukua simu yangu mezani, akaniwekea mkononi, na ripoti akaitandaza mbele yangu.

"Mama, si nimekuwa wa nne? Piga picha, uwatumie."