Makala za Masikio na Jina la Babu

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka yakajaa sabuni na mitumba ikatanda kila kona, chuo nilichofundisha kilianza kupunguza watu. Tukaambiwa atakayebaki ni yule ambaye kazi zake zinanukuliwa na wataalamu wengine duniani. Mie nilikuwa mwalimu wa kemia, mjane mwenye watoto wa kusomesha, naishi na baba yangu Kiwalani. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kuungaunga, lakini bila huo tungekula nini? Hata hivyo nilikwenda kwenye kikao cha kamati ya kupunguza watu kifua mbele, maana nilijua ninanukuliwa.

Baba alikuwa fundi rangi wa magari. Maisha yake yote alipuliza rangi iliyozimuliwa kwa thina kwenye gereji ambako mafundi bodi waligonga mabati kutwa nzima. Masikio yakafa taratibu, akawa anaongea utadhani anagombana. Ni kwa ajili yake nilianza utafiti wangu. Kwanza niliandika makala za kemia ya thina, mle ndani kuna nini. Halafu nikaungana na daktari wa masikio, tukaandika jinsi mvuke ule na kelele zinavyosaidiana kuua usikivu wa mafundi. Wenzangu wa kemia walinicheka, "Siku hizi umekuwa mganga, sista?" Niliwaacha waseme. Makala za masikio ndizo zilizovuma, na watu wa nchi za mbali walizitaja kwenye kazi zao.

Basi mwenyekiti wa kamati akafungua lile buku zito la maktaba linaloonyesha nani kanukuliwa na nani, akapitisha kidole.

"Mama, za kemia naziona, zimetajwa kidogo mno. Za masikio si zako."

"Hee! Si zangu ni za nani, za jirani?"

Kumbe ilikuwa hivi. Kwetu mtu ana jina lake na la baba yake, yametosha. Ukimbana sana atakuongezea la babu. Makala za kemia niliziandikia jina la baba, kama vyeti vyangu. Zilipofika za masikio, nilikuwa nimesafiri Ulaya kikazi kwa pasipoti ya majina matatu, nami nikayaandika yote matatu. Wahariri wa kule wakashika la mwisho, la babu. Kwenye buku nikawa watu wawili: mmoja wa kemia, hajulikani, na mwingine wa masikio, kajaa sifa, ila chuo hakimtambui.

"Huenda ni ndugu yako," akadakia mjumbe mmoja, juzi tu karudi kutoka masomoni.

Makubwa haya! Ushahidi ningeutoa wapi? Pasipoti nilishairudisha serikalini, ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Daktari wangu alishahamia Botswana kufuata mshahara. Mwanasheria wa chuo akasema nilete mzee wa ukoo aje aape kwamba jina lile ni la babu yangu.

Kesho yake nikampeleka baba, kanzu imepigwa pasi hadi inasimama. Mwanasheria akanikataza nisifungue mdomo, nisije nikamlisha maneno.

"Mzee, baba yako aliitwa nani?"

Baba akanitazama mimi. Alizoea kusoma midomo yangu, na yangu ilikuwa imefungwa. Mwanasheria akarudia, masharubu yamemfunika mdomo wote. Baba akatega sikio, hakuambulia kitu. Mjumbe yule akafunga faili lake. Nikajiona nauza vitumbua stendi.

Mwenyekiti akainuka, akavuta kiti mpaka mbele ya baba, akasema polepole ili midomo yake isomeke, "Mzee, tunataka kujua ukoo wenu."

"Ukoo? Si mngesema!" Sauti ya baba ilitingisha madirisha. Akaanza na lake, la babu, la baba wa babu, akaendelea hadi kwa watu ambao hata mimi sikuwahi kuwasikia. Mwenyekiti alimwonyesha kiganja, inatosha, baba hakujali. Alipomaliza akaweka mkono kichwani pangu. "Na huyu katoka humo. Jina la baba yangu mie ndiye niliyemwambia aliweke mwisho alipokwenda Ulaya, wamjue ni wa nani. Wallahi."

Mwenyekiti alicheka, akamgeukia yule mjumbe. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Makala zake ziunganishwe."

Zilipounganishwa, nilikuwa juu ya wote walioniita mganga. Nilifurahi, sifichi. Roho ilitulia kwatu.

Tulipotoka hadi kwenye korido baba akaniuliza, "Wamesemaje?"

Nikamwinamia sikioni, nikapiga kelele kwa pumzi zangu zote: "Nimebaki kazini, baba! Hawanifukuzi!"

Milango ikafunguka. Wapigachapa wakachungulia, mmoja akapiga kigelegele bila hata kujua sababu. Baba akavua kofia, akajifuta nayo macho.

"Nimesikia, mama," akasema. "Hebu sema tena."