Trei Iliyojigeuza Matisi

Nilirudi Bungoma kutoka Ghuba na diploma ya kompyuta niliyojilipia kwa kubeba mizigo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo mjane mmoja wa Matisi, kule Kitale, aliponipigia simu kwamba trei ya mashine ya kuangulia mayai niliyomtengenezea inajigeuza, nilipanda gari bila wasiwasi.

"Si mashine," aliniambia mlangoni. "Ni mzee wangu. Alikuwa akigeuza mayai kwa mkono, akianzia trei ya chini. Na ni hiyo ya chini inageuka."

Nikacheka. Mvua ikipiga mabati, trei ya chini ikalia, kisha ikainama polepole kama kitanda kinachokaliwa. Hakuna aliyekuwa amegusa kitufe. Nywele zikanisimama.

"Umeona?" akanong'ona. "Akija, joto linashuka. Mayai yatakufa, mwanangu, na vifaranga wako ndani."

Niligusa kioo cha mashine. Kilikuwa baridi.

Nikafungua kwenye kompyuta programu yangu inayoendesha mashine. Ndani yake kuna nyuzi mbili, yaani wafanyakazi wawili wasioonana: mmoja huuliza joto ili skrini ilionyeshe, mwingine huwasha na kuzima hita. Wote huzungumza na mashine kwa waya mmoja. Wakisema pamoja, maneno yao hukatana. Amri ya kuwasha hita hupotea, na mashine husikia amri ya tatu ambayo hakuna aliyeitoa: geuza trei ya chini.

"Mama, wapangaji wako si wana choo kimoja? Ufunguo uko wapi?"

"Nimeufunga kwa kibao kikubwa, wasiende nao mfukoni."

"Basi nazipa nyuzi zangu kibao kimoja. Asiye nacho angoje nje."

"Na asiyekirudisha?"

"Hata akianguka humo ndani, kitarudi chenyewe."

"Ai! Wangu hawana adabu hiyo."

Kabla mvua haijakatika, joto lilikuwa limepanda na kutulia. Sioni wa kuifanya kazi hiyo alasiri moja, Kitale wala Bungoma, na nasema bila haya.

Vifaranga walipotoka, nilikwenda kuwaona. Chumba kizima kilikuwa kinalia. Mama alikuwa amewapa mgongo, kiganja chake kikiwa juu ya trei tupu.

"Haijageuka tena," alisema. "Uliifunga vizuri sana."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Akaipapasa trei.

"Sasa mayai yameisha, mwanangu. Huwezi kuifungua, aje hata kwa leo tu?"