Ng'ombe Katika Shamba Lililovunwa

Sifa zote ni zako, Mungu, uliyenipa mvua na nguvu za kupiga magoti hadi umri huu. Naandika nikiwa na shukrani, ingawa ninachoandika kinanitisha.

Nalima pamba nje kidogo ya Ziba. Misimu ya kwanza ya dawa ya magugu ilikuwa raha tupu. Nilinyunyiza kabla ya kupanda, na baada ya siku chache shamba zima likawa la njano, kisha kahawia. Tukaacha hata kualikana kupalilia.

Msimu mmoja, karibu na kichuguu, mchicha pori ukabaki wa kijani katikati ya magugu yaliyokufa. Nilidhani bomba la kunyunyizia limeziba. Nikarudia. Ukasinyaa kidogo, ukainuka. Nikazidisha dawa kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa. Kabla mwezi haujaisha ulinifika kiunoni.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye shamba lake linapakana na langu, alipita akacheka.

"Shemeji, umeacha pamba, sasa unalima mboga?"

"Karibu uchume," nikamjibu.

Bwana shamba, nilipomwita aje kuutazama, hakucheka. Alipukutisha shuke moja kiganjani: mbegu nyeusi, ndogo kuliko ulezi, hazihesabiki. "Mzee, huu umeizoea dawa. Ung'oe wote, uchome. Usibaki hata mmoja wenye mbegu."

Niling'oa siku mbili, mgongo ukakataa. Nikajiambia uliobaki utakauka wenyewe.

Kwetu, shamba likishavunwa halina mwenyewe. Ng'ombe wa yeyote huingia kula majani kabla hatujang'oa masalia ya pamba na kuyachoma. Mwaka ule ulikuwa mkavu. Shemeji, ingawa hakuhitaji ruhusa, kwa heshima akaja mlangoni.

"Ng'ombe wangu wamebaki mbavu. Nifungulie shamba."

Nilikumbuka maneno ya bwana shamba. Lakini nimkatalie ndugu majani makavu, mimi mzee wa kanisa? Nikasema, "Ingiza." Wakala siku tano, mchicha na mbegu zake, wakirudi kulala zizini kwake. Samadi ile akaimwaga kwenye shamba lake, na hana jingine.

Mvua zilipokolea aliniita asubuhi. Hakunitania. Kila alipomwaga samadi mchicha ulikuwa umesongamana kama kitalu kilichopandwa kwa mkono. Chini yake pamba changa ilikuwa imepauka.

"Nilinyunyiza mara mbili kabla ya kupanda. Nimeuziwa dawa feki?"

"Si feki. Mchicha huu umetoka kwangu. Nilionywa, nikanyamaza."

"Ungeniambia, shemeji. Ng'ombe ningewapeleka hata mbugani."

Sasa kila siku baada ya sala ya asubuhi naingia shambani kwake na jembe. Tunapalilia pamoja. Tukifika mwisho wa mstari, mwanzo wake unachipua tena. Pamba yake ya mwaka huu hatutaivuna; hilo tumeshalikubali sote wawili. Na jana, kando ya njia ya zamani ya misafara, pale ng'ombe wa vijiji vinne wanapopita kwenda kunywa maji, niliuona mche mmoja. Nikaung'oa. Mbele yake palikuwa na mwingine, na mwingine, hadi bondeni.

Bado namshukuru Mungu kwamba shemeji ananiachia nafasi kando yake.

Nawe usomaye, Mungu alilinde shamba lako, na akupe ujasiri wa kulisema mapema lile unalolijua. Amina.