Sindano Niliyoichoma Bila Msimamizi

Siku moja siisahau, mwanangu, hata nikisahau nilikoweka miwani. Ilikuwa asubuhi, niko Kibirizi mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, dagaa wameanikwa kila mahali, nami nina pakiti ya sindano za Kichina mkobani. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili wa tiba asilia ya Kichina, mwaka wa pili, na nilikuwa nimeahirisha masomo muhula mmoja ili nije Ujiji kumuuguza mama. Ujana ulinidanganya kwamba mwaka wa pili ni sawa na kuhitimu.

Jana ulinisomea mwongozo wa chuo unakokwenda, ukiguna kila kifungu. Mahudhurio, mtihani wa lugha, tasnifu ya kusahihishwa na kurudiwa, na kile kilichokuudhi zaidi: mwanafunzi hamchomi mgonjwa sindano bila msimamizi kuwapo, na aliyeahirisha masomo hatibu kabisa. Ukaniambia, "Shangazi, hawa wanatuona watoto." Nilicheka, maana niliyasema hayohayo kabla hujazaliwa. Sikulaumu. Kusoma ugenini, kwa lugha ngeni, na baridi ile, halafu uombe ruhusa hata ya kugusa bega la mtu, kunachosha.

Basi pale mwaloni alikuwapo jirani yetu, Baba Riziki, mchukuzi, bega limekaza kwa magunia ya dagaa. Akaniomba nimsaidie. Kanuni niliikumbuka, nisikudanganye. Nilijiambia tu kwamba chuo kiko mbali, nani atajua? Nikamkalisha juu ya gunia. Wenzake wakakusanyika kutazama, na macho ya watu, mwanangu, hulevya kuliko pombe. Sindano ya mwisho niliizamisha kupita nilivyofundishwa.

Alishukuru, akaenda zake. Adhuhuri mkewe akatujia mbio: mumewe amebanwa kifua, hapumui vizuri. Tukampeleka hospitali kwa gari la jirani. Daktari akauliza alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua, mke akasema alibeba mizigo kama kawaida. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Niliwaza kufukuzwa chuo. Naona aibu kukuambia, lakini ndivyo ilivyokuwa: mtu anatafuta pumzi, mimi nawaza cheti.

Nikatoka nje, nikamkuta bibi yangu, aliyekuwa ametufuata, kwenye benchi. Bibi alikuwa mganga wa mitishamba Ujiji, hakuingia darasani hata siku moja, lakini kwake kulikuwa na sheria. Anayejifunza hakumpa mgonjwa dawa aliyoichemsha mpaka Bibi ainywe yeye kwanza, mgonjwa akiona. Kuna mama alimbebea kikapu cha mizizi miaka minne kabla ya kuruhusiwa kutibu peke yake. Aliponitazama usoni akajua. Akanigombeza kwanza kwa Kiha, lugha aliyoiweka kwa ajili ya hasira za kweli, kisha akatulia.

"Dawa ya mwanafunzi hunywewa kwanza na mwalimu," akasema. "Yako wewe ameinywa nani? Ameinywa Baba Riziki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya mwenzio. Ingia ukamwambie daktari. Nakusubiri hapa."

Niliingia, nikasema yote, mbele ya mkewe. Daktari hakupoteza muda kunikaripia. Sindano ilikuwa imetoboa pafu, hewa ikavujia kifuani. Wakamwekea mrija, na kufikia jioni alikuwa akipumua. Miezi miwili hakubeba kitu, na miezi hiyo miwili mimi ndiye niliyewachotea maji. Mkewe alikaa siku nyingi bila kuitikia salamu yangu, na alikuwa na haki.

Chuoni niliandika barua mwenyewe. Wakaniamuru nirudie mwaka mzima wa kliniki, kila sindano iwe na sahihi ya msimamizi. Profesa aliyenisimamia aliniambia kwamba wangelisikia kwa mtu mwingine, ningekuwa nimefukuzwa. Mwaka ule nililia sana, lakini ndio ulionifundisha kazi.

Niliporudi nimehitimu, Bibi hakukitazama cheti. Alikunja kanga yake, akanyoosha mkono, akasema nianze na yeye. Wa pili alikuwa Baba Riziki. Alikuja bila kuitwa, akakaa, akanigeuzia bega lilelile. Nilipima kina mara mbili kabla ya kuchoma.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kanuni nyingine za chuo zitakuwa usumbufu mtupu, na hizo uzilalamikie kwa adabu, ofisini kwao. Lakini ile ya kutomgusa mgonjwa peke yako usiichezee, hata ukiwa nyumbani, hata akuombe ndugu yako wa damu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Katika kazi yetu guu linalovunjika ni la mwingine. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku ileile, kabla hujaulizwa.

Nenda, binti yangu. Mungu aitulize mikono yako, akupe mwalimu mkali mwenye huruma, akurudishe Ujiji mzima. Na siku hiyo usihangaike kumtafuta mgonjwa wa kwanza. Utanikuta nimekaa hapa, nimeshakunja mkono wa gauni.